Kisu Kinachojua Kulala

Ukitaka kujua ni nani mwenye kisu cha kukunja kwenye baraza la Kibaoni, leta muwa. Hutahitaji kuuliza. Mkono mmoja utashuka mfukoni bila haraka, ukucha wa dole gumba utatafuta mfuo mwembamba ulio ubavuni mwa bapa, na utasikika mlio mmoja mkavu: ta! Muwa utamenywa, utakatwa pingili kwa pingili, watoto watapewa kwanza. Kisha mwenye kisu atapangusa bapa kwenye suruali, atalikunja, na mlio wa pili utatoka, mzito kidogo kuliko ule wa kwanza. Wajuzi wa visu huamini masikio kabla ya macho. Milio hiyo miwili inawaambia umri wa springi, afya ya bawaba, na kama mwenye kisu ni mtu wa kupaka mafuta au la.

Kibaoni inayosemwa hapa ni ya Mpimbwe, wilayani Mlele, mkoa wa Katavi. Tanzania ina Kibaoni nyingi, lakini hii ndiyo inayotajwa magazetini kuwa nyumbani kwa Mizengo Pinda, waziri mkuu wa 2008 hadi 2015. Anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga huikuta baada ya kupita Sitalike na mapori ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ni nchi ya mpunga, ng'ombe na mizinga ya nyuki, na mtu hamalizi siku bila kukata kitu: kamba ya katani, mdomo wa gunia, sega la asali, embe, ukanda wa kandambili iliyoachia. Kazi hizo ni ndogo mno kwa panga. Na kisu cha jikoni kina mwenyewe. Mwanamume anayekichomoa bila kuomba anajitafutia maneno ya wiki nzima.

Ndipo kisu cha mfukoni kinapopata heshima yake, hasa kile cha zamani. Cha zamani maana yake bapa la chuma kinachoshika kutu, mpini wa mti, pembe au mfupa, na pini zilizogongwa kwa nyundo, si skrubu. Vipo vipya vya bei ya chini, vyenye rangi za kung'aa na kitufe cha kurukia kama panzi, na vijana huvipenda. Lakini wapo watu, si wengi, ambao wakiona bapa lililoliwa na kutu kwenye meza ya vyuma chakavu husimama, huinama, na mioyo yao hubadili mwendo. Huvinunua, huviponya, huvibeba. Ufundi wao haufundishwi kwenye vyuo vya VETA na hauna cheti, ila ni ufundi kamili.

Kisu cha kawaida hulala ndani ya ala, na ala ikipotea kisu kinabaki uchi. Kisu cha kukunja kimebeba nyumba yake kama kobe, kwa sababu mpini wenyewe ndio ala. Wazo hilo ni la kale kuliko watu wanavyodhani: huko Hallstatt, Austria, kimepatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, cha karne ya sita au karibu na hapo kabla ya Kristo, na Warumi nao walikuwa na vyao. Visu hivyo vya mwanzo vilishikwa wazi na msuguano wa pini tu, pamoja na kidole cha mwenye bahati. Springi ya mgongoni, ile inayofanya kisu kiseme ta, ilienea Sheffield, Uingereza, katikati ya karne ya 17. Tangu hapo kisu kikawa na sauti.

Springi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana ufundi wote umejificha humo. Fungua kisu kizuri cha zamani polepole. Kwanza kinapinga, kisha kinakubali, kisha kinakimbia chenyewe kwenda mahali pake. Sababu iko kwenye kisigino cha bapa. Kisigino hicho kina pembe zilizochongwa, na mgongoni mwa mpini kuna ukanda wa chuma unaokikandamiza. Pembe inapozunguka, ukanda huinuliwa kidogo sana. Ikishapita, ukanda hushuka kwenye ubapa wa kisigino na kushika. Hakuna kufuli wala kitufe. Ni vyuma viwili vinavyobishana siku zote na kupatana siku zote.

Lakini vyuma hivyo haviwezi kuwa na tabia moja. Bapa lazima liwe gumu ili lidumu na makali, na springi lazima iwe na ulegevu fulani ili ipinde na kurudi mara elfu bila kuvunjika. Chuma kinaweza kuwa kilekile. Kinachotofautisha ni moto. Vyote viwili huchomwa hadi viive wekundu, vikazamishwa ghafla kwenye maji au mafuta, kisha vikapashwa tena taratibu. Bapa huondolewa motoni linapopata rangi ya nyasi kavu. Springi hungojwa zaidi, mpaka igeuke buluu. Mhunzi asiye na kipimajoto huzisoma rangi hizo kama mpishi anavyosoma kitunguu kwenye mafuta, na kosa la sekunde chache halirekebishwi kwa maneno. Sheffield walikuwapo mafundi waliofanya kazi yote hiyo peke yao, kuanzia kipande cha chuma hadi kisu kilichokamilika. Mmoja wa wale wa mwisho, Stan Shaw, aliingia karakana akiwa kijana mdogo wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, akaishika kazi hiyo hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94.

Na wahunzi wa upande huu? Swali ni la haki, maana Kibaoni ni jirani wa Ufipa, na Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Matanuri ya Wafipa yaliyoitwa malungu, mengine yakifika mita tatu kwenda juu, bado yanaonekana yamesimama porini kama vichuguu vilivyojengwa kwa adabu. Hayakuvuviwa kwa mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kupitia matundu ya chini na kupanda. Chuma kilichotoka humo kilikuwa na takataka, kikasafishwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuyachunguza mabaki hayo. Malungu yalizaa majembe, shoka na mikuki iliyosambaa mbali. Kisha majembe ya kiwandani yakaja kwa meli na kwa reli, na moto wa malungu ukafa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Springi ya mfukoni nayo ilikuja kwa meli. Hata hivyo mhunzi wa leo ana namna yake ya kulipa deni. Hayeyushi tena mawe. Anafua springi za malori. Ule ukanda mzito uliobeba magunia barabara mbovu kwa miaka 20 hukatwa, ukachomwa, ukawa kisu cha mchinjaji, panga au shoka. Ni chuma kizuri, na kila mchinjaji anajua kwamba kisu cha springi kinapata. Ukimpelekea mhunzi huyohuyo kisu cha kukunja kilichovunjika mgongo, akiwa na subira na tupa nyembamba, atakuchongea mgongo mpya kutoka kwenye chuma hichohicho. Lori la jana linaingia mfukoni.

Historia ya kisu cha kukunja katika Afrika ina jina moja linalorudi kila mara, nalo ni jina la mnyama. Mwaka 1901 wanasayansi wa London walimtangaza kwa ulimwengu okapi, mnyama wa misitu ya Ituri huko Kongo, baada ya Harry Johnston kuwapelekea ngozi na mafuvu. Wenyeji wa msitu walimjua siku zote, bila shaka, lakini Ulaya ilipigwa na butwaa. Mwaka uliofuata, 1902, mji wa Solingen, Ujerumani, ukaanza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na kisu hicho kikaitwa Okapi. Wakati huo bendera ya Kijerumani ilikuwa ikipepea Kasanga, kwenye ufuko wa Ufipa, mahali walipopaita Bismarckburg. Mfanyabiashara hakuhitaji kutafuta jina jingine. Mnyama mpya, bara zima la wateja.

Okapi ni kisu cha mtu asiye na fedha nyingi, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mpini wake ni wa mti uliopakwa vanishi, na ubavuni umepambwa kwa vipande vya bati vyenye umbo la mwezi na nyota. Springi yake haikufichwa ndani. Imelala mgongoni, wazi, na ina pete. Bapa likifunguliwa, meno ya kisigino hupita chini ya springi moja baada ya jingine na kisu hulia kre-kre-kre, kama mtu anayesaga meno. Kukikunja, lazima uvute pete. Mlio huo una sifa mbaya katika miji kadhaa ya dunia: ulivuka bahari hadi Jamaika na ukaingia katika hadithi za wahuni wa Kingston, na kusini mwa Afrika polisi wanalijua jina Okapi kuliko wanavyolijua jina la mnyama. Mkulima anayekatia kamba hana hatia katika hayo. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na ndiyo maana wakusanyaji hugeuza kisu na kukisoma kisigino kabla ya kuuliza bei. Neno Solingen likiwa pale, sauti ya mnunuzi hushuka. Neno hilo si pambo. Tangu 1938 sheria ya Ujerumani inakataza kuliandika kwenye kisu ambacho hakikutengenezwa mji huo.

Kipo kingine ambacho mkusanyaji wa Tanzania hukimezea mate, kile cha jeshi la Uingereza. Ni kizito kama jiwe la kinoo. Kina bapa lenye ncha butu kama kwato, kifungulio cha kopo, mwiba mnene wa chuma wa kufungulia mafundo, mpini mweusi wenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi, na pete ya kufungia kamba kiunoni. Kisigino huwa na jina la kiwanda, mara nyingi cha Sheffield, mwaka, na alama ya mshale mpana ambayo serikali ya Kiingereza iliigonga kwenye mali yake. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini katika Vita ya Pili ya Dunia. Baadhi yao walipigana Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa nembo ya kifaru, kwenye matope ya bonde la Kabaw. Kisu cha namna hii kikitokea leo kwenye sanduku la marehemu, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na medali na kitambulisho cha zamani, wajukuu hukigombania kuliko medali. Medali haikati kitu.

Vile vyekundu vya Uswisi vyenye msumeno, mkasi na kijiti cha meno vina historia yao nzuri tangu Karl Elsener alipoanza kulipatia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891. Tuviache vipite. Ni sanduku la fundi lililojikunja. Anayependa kisu atamwachia nafasi anayependa sanduku.

Kazi yenyewe ya kuponya kisu cha zamani huanza kwa kutofanya kitu. Kilichoshikwa na kutu hakifunguliwi kwa nguvu, maana ukucha utang'oka kabla ya bapa kusogea, au springi itakatika, na hilo la pili linauma zaidi. Huzamishwa kwenye mafuta ya taa usiku kucha, pengine siku tatu. Kisha hujaribiwa kidogo, kikarudishwa, kikajaribiwa tena. Siku kinapokubali hutoa uji wa rangi ya kahawia, mchanganyiko wa kutu, nyuzi za mfuko, unga wa tumbaku na vumbi la miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Hapo wengi huharibu mambo. Hukimbilia msasa wa mashine, au humwachia mnoaji wa baiskeli akiweke kwenye jiwe linalozunguka kwa kasi hadi cheche ziruke. Cheche zinapendeza machoni, lakini moto wake hupandisha ncha hadi buluu, na bapa lililogeuka buluu limepoteza ugumu aliokesha nao mhunzi. Majivu, limau na kitambaa vinatosha. Kutu iondoke, weusi ubaki.

Weusi huo ni jambo la kujadiliwa. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley, na visu vingi vya zamani ama vilitangulia siku hiyo ama viliipuuza. Chuma cha kale hubadilika rangi kila kinapokutana na kitu kichachu. Embe hukiachia buluu iliyofifia, limau huacha kijivu, kitunguu huacha madoa ya kahawia. Miaka ikipita rangi hizo hushikana zikawa ngozi nyembamba ambayo huzuia kutu kali isiingie ndani. Mwenye macho huweza kumwambia mwenye kisu kwamba wewe ni mtu wa maembe. Anayekisugua hadi king'ae kama kijiko cha hotelini amekirudisha utotoni na kukifutia kumbukumbu, kisha hushangaa kinavyoshika kutu wiki ileile.

Kwa ulinzi, Katavi imebarikiwa. Nta ya nyuki, iliyobaki baada ya asali kukamuliwa, hupakwa kwenye bapa lililopashwa moto kidogo juani, ikaingia kwenye vinyweleo vya chuma na kuzuia jasho na unyevu wa masika. Haina harufu ya petroli na haidhuru chakula, kwa hiyo kisu kilekile kitamenya embe bila kumkera mlaji. Mpini ukipasuka, mpingo haupo mbali. Pini ikilegea na bapa likaanza kutikisika kushoto na kulia, hugongwa kidogo juu ya chuma kizito, mapigo mepesi, huku kisu kikifunguliwa na kufungwa kila baada ya pigo, maana pigo moja la ziada hukifanya kigome kabisa. Ikibidi pini nyingine, spoki ya baiskeli hukatwa kipande. Mafundi wa visu wa Ulaya wangekunja uso, lakini spoki ni chuma kilichozoea kuvutwa na kutetemeshwa barabarani, na hakilalamiki.

Kunoa ni habari nyingine. Kisu kilichonolewa vizuri kwa miaka 40 hupungua upana kama sabuni, hadi bapa linakuwa jembamba. Wauzaji wa nje hukihesabu kisu kama hicho kuwa kimeharibika, na bei hushuka. Makala haya yanasimama upande wa kisu. Chuma kilichopungua hakikuibwa. Kilibaki kwenye kinoo, kidogo kidogo, kila kilipotayarishwa kwa kazi. Kisu cha mwaka 1950 ambacho bado kina upana wake wote kinauliza swali lisilopendeza: kilikuwa wapi wakati watu wanafanya kazi? Wapo wakusanyaji wanaoweka visu kwenye kasha la kioo na kuvigusa kwa kitambaa. Wana haki yao. Ila springi isiyofunguliwa hukauka, mafuta huganda, na kisu hujifia kikiwa kizuri.

Kubeba nako kuna sheria zake, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Ile iliyoandikwa inamgusa mtu wa Kibaoni moja kwa moja, kwa kuwa Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali, na katika kesi za mahakamani kisu kimewahi kuhesabiwa pamoja na panga na mkuki. Kwa hiyo mwenye busara, hata awe anafuata sega la mwisho, hauvuki mpaka wa hifadhi na kisu mfukoni. Uwanja wa ndege wa Mpanda nao utamtaka akiweke kwenye begi la kupakizwa, kama viwanja vingi tangu Septemba 11, 2001. Mwaka 2013 Wamarekani walitangaza kwamba visu vidogo vya kukunja vingeruhusiwa tena ndani ya ndege. Wahudumu wa ndege wakapinga, na miezi mitatu baadaye mpango ukafutwa.

Zile zisizoandikwa zinajulikana barazani. Kisu hakifunguliwi kwenye maneno. Watu wakianza kubishana, mwenye kisu hata kama alikuwa katikati ya kumenya chungwa hukikunja kwanza, na mlio ule wa kufunga husikika kama neno la kuomba utulivu. Kiswahili kinamtofautisha aliyeshika mpini na aliyeshika makali, na wote wanajua ni nani atakayeumia. Kisu cha kukunja huondoa tofauti hiyo wakati wa kukabidhiana. Hutolewa kimefungwa, na anayepokea hupokea mpini tu, pande zote. Hurudishwa vilevile, kimepanguswa. Anayekirudisha wazi, au kikiwa na utomvu wa embe, hataazimwa tena hadi watu wasahau, na Kibaoni watu hawasahau upesi.

Jioni, mjukuu atakuja. "Shikamoo babu." "Marahaba." "Naomba kisu." Babu hatauliza cha nini, maana muwa umeonekana nyuma ya mgongo. Atakitoa kimefungwa, na mtoto atakwenda nacho kando, nyuma ya ukuta, ambako hakuna anayemwona akitumia dole gumba vibaya. Ta. Babu ataendelea na mazungumzo yake, bei ya mpunga, mvua iliyochelewa, ng'ombe wa nani aliyeingia shamba la nani. Atacheka panapochekesha. Lakini sikio moja halimo katika mazungumzo, na litabaki upande wa ukuta ule mpaka mlio wa pili usikike.